Serotonini ya ndizi haifiki ubongoni

Unauliza kama serotonini (kemikali ya kupitisha ujumbe kati ya seli za neva) iliyo kwenye ndizi humsaidia mwanafunzi kukumbuka. Hapana, ndugu. Serotonini ya ndizi haivuki kutoka damuni kuingia ubongoni, kwa hiyo mtoto wa Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) hapa Bukavu azile kwa njaa tu. Ubongo hujitengenezea yake kutokana na triptofani, kijenzi cha protini tunachopata kwenye chakula. Kuhusu kumbukumbu, inategemea ni kipokezi kipi (sehemu ya seli inayoipokea serotonini) kimeguswa, na viko aina 14 hivi. Kipokezi kiitwacho 5-HT4 kikiamshwa, asetilikolini (kemikali nyingine ya ujumbe) huongezeka kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, na panya hujifunza vizuri zaidi. 5-HT1A kikichochewa mno palepale, kumbukumbu hudhoofika. 5-HT6 ni kinyume cha 5-HT4: kukizuia ndiko kulikosaidia panya. Ila kwa wagonjwa wa Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), vizuizi vyake (idalopirdine, intepirdine) vilishindwa kwenye majaribio makubwa. Na fluoxetine ya farmasi, dawa ya sonona inayoongeza serotonini, msimpe mwanafunzi eti akariri.