Jana waliitikia, leo wameandika 2/6

SWALI: Asalaam aleikum maalim. Nafundisha hesabu darasa la sita huku Lamu. Wiki iliyopita nilifanya frakshen, kipindi kimoja cha dakika 35 nikapitisha kujumlisha, kutoa na kuzidisha kwa sababu silabasi yanikimbiza, na muda wote wanaitikia "ndiyo ticha". Kesho yake nikawapa nusu jumlisha robo, darasa karibu zima likaandika 2/6! Wazazi wasema watoto wavivu, washinda ufuoni kuogelea. Ni wao au ni mimi?
Mwalimu, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu mwenzangu. Bahari iache, haina kosa. Iangalie hiyo 2/6 vizuri, wamechukua juu na juu, 1 na 1, halafu chini na chini, 2 na 4. Kosa hili watoto hulifanya hata wenyewe tu, lakini wewe umelitilia nguvu, manake juu kwa juu chini kwa chini ndiyo kanuni ya kuzidisha na uliwapa kipindi kilekile, mambo mawili yanafanana sura yakaingia siku moja yakachanganyikana.

Yatenganishe. Siku ya kwanza kujumlisha tu, na usianze na ubao. Kuja na mkate wa sinia, au kata duara la boksi, toa nusu moja na robo moja uweke mezani, waulize ni vipande vingapi. Watasema viwili. Viwili vya nini? Hapo watakwama, na hapo ndo somo linaanza, kwa sababu vile vipande havina jina moja mpaka ile nusu uikate iwe robo mbili, sasa ni robo tatu na kila mtu anaona kwa macho yake. Halafu warudishie ile 2/6 yao: hiyo ni thuluthi, ndogo kuliko nusu tuliyoanza nayo, sasa imekuaje tumeongeza mkate na mkate ukapungua? Waache wabishane, usiwakimbilie na jibu.

Kuzidisha ngoja wiki ijayo.

Jambo la pili, dakika tano za kwanza kila kipindi daftari zifungwe, wape hesabu mbili za jana. Sisi tuliokaa chuoni, madrasa ya Qur'ani, twalijua hili, maalim hakupi aya mpya mpaka ya jana umemsomea kwa kichwa. Marekani mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipima: baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio walikumbuka zaidi, lakini baada ya wiki wakapitwa na wale waliojikumbusha bila kuangalia. "Ndiyo ticha" yako ni ile ya dakika tano.

Silabasi itachelewa vipindi viwili vitatu, najua, mimi pia ilinikimbiza miaka mingi, lakini kwa sasa si unairudia yote upya? Kujumlisha na kuzidisha vikishakaa, vichanganye kwenye zoezi moja, mtoto achague mwenyewe njia. Siku hiyo niandikie uniambie wangapi bado wanaandika 2/6.