Nyuzi za pamba juu ya mota

Swali: Kwenye karakana yetu ya kuchambua pamba, mota yenye alama ya IP55 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji yasiingie) hufunikwa na nyuzi, halafu overlodi, yaani kifaa kinachozima mota ikivuta umeme kupita kiasi, inakata. Fundi anataka kuipandisha overlodi kidogo na kuipuliza mota kwa kompresa. Tumkubalie?

Jibu: Hapana, kwa yote mawili. Overlodi hupima ampea, si joto la bodi. Nyuzi zikiziba kava la feni na mapezi ya kupoza, mota inaweza kuchemka na overlodi isishtuke. Ulinzi wa hilo ni themista, yaani vihisi joto vilivyofungwa ndani ya koili. Sasa kama yenu inakata, tafuteni kinachoongeza ampea: nyuzi zilizojisokota kwenye shafti mpaka beringi ikawa nzito, mkanda uliokazwa mno, mashine iliyosakamwa na pamba, au fezi iliyokatika. Pimeni kila fezi kwa mita ya klampu (inayobana waya na kusoma ampea), mlinganishe na ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota.

IP55 nayo isiwape usingizi. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi kuingia ndani. Haisemi lolote kuhusu joto la nje, na nje ndiko nyuzi zinakolala. Kanuni za umeme za Marekani huyaita maeneo yenye nyuzi zinazoshika moto Daraja la III: bodi ya kifaa isizidi nyuzijoto 165 za Selsiasi, na kwa mota au transfoma inayoweza kuzidiwa mzigo, 120. Kwenye vifaa vya mfumo wa IEC (viwango vya kimataifa vya umeme), tafuteni alama ya Ex, ya vifaa vya mahali penye hatari ya mlipuko, yenye kundi IIIA (nyuzi zinazoshika moto) au zaidi. Hata hivyo, glandi moja (kibano kinachoziba tundu la kebo) iliyolegea inaharibu kinga yote.

Kusafisha: zimeni swichi kuu, pigeni kufuli, hakikisheni kwa testa kwamba umeme haupo, subirini mota ipoe. Ondoeni nyuzi kwa brashi laini na vakyumu iliyotengenezwa kwa vumbi linaloshika moto. Vakyumu ya nyumbani mara nyingi ina mota inayotoa cheche. Kompresa hurusha vumbi hewani na kusukumia nyuzi kwenye beringi.

Swali: Balbu zetu zinaning'inia wazi. Kuna shida?

Jibu: Kubwa. Balbu ikipasuka, vipande vya moto vinaangukia pamba. Wekeni taa iliyofungwa, yenye kioo na wavu wa kuikinga isigongwe, na msizidishe wati zilizoandikwa juu yake. Taa za LED nazo zina mapezi ya joto mgongoni, na huko hakuna anayefagia.