Titi litolewe lote, au uvimbe peke yake?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 48 na bado napata hedhi. Mwezi uliopita nilikatwa kipande kidogo cha nyama kwenye titi la kushoto kikapimwe, majibu yakaonyesha saratani. Uvimbe una sentimita 2 na vipimo havijaonyesha kwamba imesambaa. Nimeambiwa nichague: uvimbe utolewe kisha nipigwe mionzi, au titi litolewe lote. Mama mkwe na dada zangu wanasisitiza litoke lote ili tatizo liishe. Karatasi ya majibu imeandikwa “ER 90%, PR 70%, HER2 1+”. Tena, mwenzangu wa kliniki alianza na dripu za kemo kabla ya upasuaji. Mbona mimi sikuanzishiwa?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Wanachosema ndugu zako si upuuzi, maana ndicho walichoamini madaktari wenyewe kwa miongo mingi. Mwishoni mwa karne ya 19, mpasuaji wa Marekani William Halsted alikuwa akiondoa titi, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani kwa mkupuo mmoja, akiamini kwamba kadiri unavyokata zaidi ndivyo unavyoponya zaidi, na wagonjwa wengi walibaki na mkono uliovimba maisha yao yote. Imani hiyo ilipimwa baadaye na Bernard Fisher huko Marekani na Umberto Veronesi mjini Milan, ambao waliwagawa wanawake kwa bahati nasibu, wengine wakatolewa titi lote na wengine sehemu tu. Matokeo ya miaka 20 ya ufuatiliaji, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba makundi hayo hayakutofautiana katika kuishi.

Hata hivyo, mionzi ni sehemu ya mapatano hayo wala si nyongeza ya hiari. Katika utafiti wa Fisher, miongoni mwa waliotolewa uvimbe bila kupigwa mionzi, saratani ilirudi ndani ya titi lilelile kwa takriban wanawake 39 katika kila 100. Kwa waliopigwa mionzi, ilirudi kwa 14 hivi. Kwa hiyo jiulize kwanza kama utaweza kuhudhuria siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu au zaidi. Kila kipindi huchukua dakika chache na hakiumi, ila ngozi hubadilika rangi na kuwasha kama iliyobabuliwa na jua, na uchovu huzidi kuelekea mwisho. Kama hilo haliwezekani, au una uvimbe zaidi ya mmoja katika sehemu tofauti za titi, au ulishawahi kupigwa mionzi kifuani, au umerithi hitilafu ya jeni za BRCA, ambayo huongeza hatari ya saratani ya titi, basi kutoa titi lote kunaweza kuwa uamuzi bora. Unaweza pia kulichagua kwa sababu tu ndivyo moyo wako utakavyotulia, mradi uwe moyo wako na si wa mama mkwe.

Kwapani nako kutapimwa, kwa kuwa saratani ya titi ikianza kusambaa, kwa kawaida hufikia kwanza tezi za huko. Siku hizi mpasuaji hudunga rangi ya buluu karibu na chuchu, akasubiri, kisha akaitafuta tezi ya kwanza iliyoipokea. Tezi hiyo ikiwa safi, zilizobaki huachwa, na mkono husalimika. Usishtuke ukiona mkojo una rangi ya kijani siku inayofuata.

Sasa tuisome karatasi yako. ER na PR ni vipokezi vya homoni: asilimia 90 na 70 maana yake ni kwamba seli nyingi za uvimbe zinalishwa na homoni zako mwenyewe. Hapo ndipo silaha yako kubwa ilipo, yaani vidonge vya kuzizuia, na kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, mara nyingi huanzwa tamoxifeni kwa miaka 5 hadi 10. HER2 ni kipokezi kingine, kinachochochea seli kukua, na 1+ huhesabiwa hasi kwa saratani ya hatua yako, hivyo trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, haitakufaa. Ingekuwa 2+, kipimo kingine kingehitajika. Ingekuwa 3+, ungepewa dawa hiyo.

Kuhusu mwenzako, nadhani karatasi yake haifanani na yako. Kemo hutangulizwa mara nyingi kwa uvimbe mkubwa, wenye HER2 chanya, au usio na kipokezi chochote kati ya hivyo vitatu, ili usinyae na ili madaktari waone kama dawa inaushinda. Kwako, swali la kemo litaamuliwa baada ya upasuaji, tezi zikishapimwa.

SWALI: Mke wangu ana miezi 14 akimeza tamoxifeni. Usiku anaamka amelowa jasho, na anasema kwa kuwa alishapona, anataka kuacha. Nimshauri nini?

JIBU: Asiache kimyakimya, kwa sababu vidonge hivyo vinazikabili seli zisizoonekana kwenye picha yoyote, na anayevikatisha hupoteza sehemu ya kinga aliyokuwa akiijenga. Jasho hilo lina tiba: venlafaksini, ambayo ni dawa ya sonona, kwa dozi ndogo huwasaidia wengi. Lakini baadhi ya dawa nyingine za sonona, kama paroksetini na fluoksetini, huzuia ini kuibadilisha tamoxifeni iwe dawa kamili, kwa hiyo mwende kwa daktari na dawa zote anazotumia zikiwa mkononi. Akivimba mguu mmoja, akibanwa pumzi ghafla, au akitokwa na damu ukeni baada ya kukoma hedhi, aende hospitali siku hiyohiyo.