Datsun 240Z yenye kutu: bati kwanza, nguvu baadaye

Mtu akikuta Datsun 240Z imelala nyuma ya nyumba, Upanga au Chang'ombe jijini Dar es Salaam, swali linalomtoka kwanza ni moja: injini inawaka? Swali hilo lisubiri. L24 ni injini ya silinda sita yenye bloku ya chuma kizito, na hata iliyokaa miaka mingi mara nyingi hufufuka. Kinachoamua kama gari linafaa kununuliwa ni bati. 240Z haina chesisi ya peke yake kama Hilux au Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Gari hili lilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, na likastahimili barabara zile kwa sababu bati lake lilikuwa zima. Bati likishaliwa, hata ulifunge injini ya namna gani, utakuwa unavuta kopo.

Kabla ya bei, soma namba ya chesisi. Imegongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini. HS30 ni usukani wa kulia na injini ya L24, HLS30 ni usukani wa kushoto, na S30 tupu ni Fairlady Z ya soko la Japani yenye L20 ya lita mbili. Linganisha na kadi ya gari herufi kwa herufi. Isiposomeka kwa kutu, au ukiona eneo hilo limechomelewa upya, simama hapo hapo mpaka suala la karatasi liishe TRA, mamlaka ya mapato.

Mahali pa kutafuta kutu

Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa, bisibisi na tochi. Sumaku inayoteleza ubavuni inakuambia chini ya rangi kuna puti nene. Bisibisi ni ya chini ya gari, ambako muuzaji hataki uchokoe. Chokoa.

Anza chini ya betri. Asidi hula kitako chake, kisha ukuta wa kabini, kisha mhimili wa bodi unaopita chini yake. Kitako peke yake ni kazi ndogo. Mhimili ukiwa laini, bei ishuke sana.

Halafu fuata maji. Mbele ya kioo kikubwa, chini ya waipa, kuna mfereji wenye matundu mawili ya kutolea maji, moja kila upande, yanayomwaga nyuma ya madigadi ya mbele. Gari lililoegeshwa chini ya mwarobaini au mkungu hujaa majani humo. Matundu yakiziba, mvua ya masika inajaa mferejini na kumwagikia ndani, chini ya kapeti, na sakafu inaoza kutoka juu huku chini ikionekana safi. Ndiyo maana kapeti lazima linyanyuliwe. Na pale maji yanapomwagwa, matope hujikusanya kati ya digadi na nguzo ya mlango, yakabaki na unyevu mwaka mzima. Fungua bolti za digadi uangalie. Mara nyingi utatoa udongo wa kujaza ndoo, na nyuma yake utakuta mwanzo wa kizingiti cha mlango umekwisha.

Mengine pitia haraka: vizingiti vyenyewe, kona ya chini mbele ya tairi la nyuma, mihimili miwili inayopita chini ya sakafu, shimo la tairi la akiba, ukingo wa mlango wa buti, na bati linaloshika rejeta. Kama gari liliwahi kuzama kwenye mafuriko ya bonde la Msimbazi, chungulia ndani ya mihimili kwa tochi. Ukiona tope laini lililokauka kama unga, jua kila kitu kilicho wazi ndani kimelowa.

Hewa ya bahari ina chumvi, ni kweli, lakini Z nyingi haziuliwi na hewa. Zinauliwa na maji yaliyokosa pa kutokea. Ukikarabati bati bila kufungua njia za maji, kazi itarudi.

Kukata na kuchomelea

Ondoa betri na tanki la mafuta kabla ya cheche yoyote. Tanki la zamani likiwa tupu ni hatari kuliko likiwa limejaa, kwa sababu ya mvuke.

Usikate vizingiti vya pande zote mbili kwa pamoja. Kwanza chomelea bomba la pembe nne la milimita 25 ndani ya uwazi wa kila mlango, kwa umbo la X, gari likiwa limekaa sawa kwenye stendi. Pima nafasi kati ya mlango na bodi juu, katikati na chini, uandike. Bila hivyo bodi inajikunja kidogo tu, na ukimaliza kuchomelea milango haifungi. Hapo hakuna nyundo ya kukusaidia.

Kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa. Fundi anayekuambia abakize kingo zenye kutu "zitazibwa na puti" anakuuzia miezi sita. Viraka vya sakafu vitengeneze kwa shiti nyeusi ya milimita 1, na vya mhimili milimita 1.2 hadi 1.6; mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, watakukatia na kukukunjia kwa vipimo vyako. Usitumie bati la kuezekea. Ni jembamba, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaoleta homa na kuharibu mshono.

Mashine ya kuchomelea ya fimbo, ile ya madirisha na mageti, haifai kwa kazi hii. Inatoboa bati jembamba, na fundi anaishia kujaza matundu aliyoyatoboa yeye mwenyewe. Tafuta karakana yenye mashine ya waya na gesi, waya wa milimita 0.6, au 0.8 kama hakuna. Piga nukta moja moja, umbali wa sentimita 3 hivi, ukihama kutoka upande huu kwenda ule, kisha rudi ujaze katikati. Ukivuta mshono mrefu mfululizo, joto litalipindisha bati, hasa kwenye sakafu na ubavu wa nyuma. Nyuso zitakazofichwa zipake praima ya zinki ya kuchomelea kabla hujazifunga. Na eneo la namba ya chesisi usiliguse kabisa.

Kusafisha kutu kwa kupiga mchanga kunafaa mihimili, mikono ya sasipensheni na vitu vizito. Boneti, milango na paa usipige; bati tambarare linajikunja likawa kama mawimbi. Mchanga wa pwani usiruhusiwe hata kidogo. Una chumvi, na vumbi la mchanga wowote linaua mapafu.

Kwa vitu vidogo, bawaba, vishikio na mabano, kuna njia rahisi ya umeme. Ndoo ya plastiki ya lita 20, maji safi, na magadi yale ya kulainishia maharage, vijiko vitano vya chakula. Kifaa chenye kutu kifunge waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12, chaja ya kawaida isiyo ya kompyuta, na kipande cha chuma chakavu kifunge waya chanya. Visigusane. Weka nje, palipo na hewa, kwa sababu hidrojeni inatoka na inawaka. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kinatoa sumu ndani ya maji, na usitie chumvi ya mezani, inatoa klorini. Springi usizitie humo; hidrojeni huzifanya zivunjike.

Unyevu wa Dar na rangi

Bati lililosuguliwa jioni Dar likiachwa tupu, asubuhi lina ukungu wa rangi ya chungwa. Kwa hiyo usivue gari zima kwa wakati mmoja. Vua kipande unachoweza kukimaliza siku hiyo hiyo: msasa namba 80, futa kwa kisafishia mafuta, kisha praima ya epoksi, mikono miwili. Vaa glavu, maana jasho lina chumvi na alama ya kiganja huja kuonekana chini ya rangi.

Puti iwekwe juu ya epoksi, si juu ya chuma kitupu, na isizidi milimita 3. Puti hunywa maji. Ikikaa wazi usiku kucha kipindi cha vuli, imeshakunywa. Viungo vyote vipakwe sila ya viungo juu ya epoksi, kabla ya rangi. Rangi yenyewe panga kuipiga kati ya Juni na Septemba, kuanzia saa nne asubuhi unyevu ukishapungua, na mwaga maji ya kwenye tanki la kompresa kila unapoanza. Vipele vingi vinavyolaumiwa kwa rangi mbovu ni maji ya kompresa.

Baada ya rangi kukauka, puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti, mihimili na milango, kupitia matundu ya kiwandani. Mazoea ya kupaka oili chafu chini ya gari yaache. Inakula bushi za raba, inashika vumbi, na vumbi lile linashika maji.

Pini ya nyuma

Hii inastahili aya yake, kwa kuwa inavunja mioyo ya mafundi. Mkono wa chini wa sasipensheni ya nyuma umeshikwa na pini ndefu inayopita chini ya nguzo ya shokapu, na pini hiyo hushikana kwa kutu. Kosa la kawaida ni kuigonga kwa nyundo kwenye nyuzi. Kichwa kinatanuka na hapo haipiti tena popote. Kwanza toa kabari ndogo yenye nati iliyo katikati, inayoifunga pini. Wengi hawaijui. Kisha loweka kwa mchanganyiko wa ATF (oili ya giaboksi otomatiki) na asetoni, nusu kwa nusu, kwa siku kadhaa, halafu ivute kwa kifaa cha kuvutia, si kwa kugonga. Ukilazimika kutumia moto, mchanganyiko ule uwe umefutwa wote, maana unashika moto haraka. Ikigoma kabisa, kata pini pande zote mbili kati ya bushi na nguzo, kipande kilichobaki ukakikamue kwenye presi, na ununue pini mpya. Usihurumie pini ya zamani.

Injini na kupoza

Pima kompresheni ya silinda zote sita kabla ya kufungua chochote. Ya chini kabisa isipungue asilimia 80 ya ya juu. Nafasi ya valvu injini ikiwa baridi iweke milimita 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutoa. Ikiwa ya moto, 0.25 na 0.30. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Ukibadilisha kamshafti, injini ikiwaka tu ishike mizunguko 2000 hadi 2500 kwa dakika 20 bila kuiacha ilale, vinginevyo kamshafti mpya inalika siku ya kwanza. Tumia oili nzito, 20W-50, yenye zinki ya kutosha.

Silinda hedi ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na mchanganyiko huo hauvumilii maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za Dar yana chumvi. Tia kuleni na maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri. Rejeta ya safu tatu na feni ya umeme yenye rilei na fyuzi yake vitakuokoa kwenye foleni ya Tazara saa nane mchana. Fanya hivyo hivyo kwa taa za mbele: umeme wake wote hupita kwenye swichi ya usukani, nayo huungua. Rilei mbili zinamaliza tatizo.

Mabadiliko yanayolipa

Breki ndiyo ya kwanza, na hapa Dar tuna bahati. Kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux ya magurudumu manne, ya 1979 hadi 1985, zinaingia kwenye nguzo za mbele za 240Z kwa matundu yale yale ya bolti. Utahitaji kukunja au kukata bati la kukinga vumbi nyuma ya diski, na kujaribu rimu zako kabla ya kufunga. Kalipa hizo ulizia Gerezani na Ilala. Chagua ambazo pistoni zake hazina vishimo vya kutu, badilisha sili zote, na weka masta silinda ya inchi 15/16 badala ya 7/8 ya awali, la sivyo pedali itashuka sana. Mipira ya breki yote iwe mipya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kwa hewa yetu yabadilishe kila mwaka.

Rimu ni matundu manne kwa 114.3. Za inchi 15 zenye upana wa 7 na tairi 195/60 zinakaa vizuri bila kukata digadi. Kushusha gari zaidi ya milimita 25 hatukushauri. Matuta ya mitaa yetu yatakula ekzosi na ile mihimili uliyoichomelea kwa shida.

Wengi wataka 1JZ, injini ya Toyota kutoka Mark II, kwa kuwa ipo na bei yake inavumilika. Inawezekana, ila fahamu jambo moja. L24 ina kabureta na ekzosi upande wa kushoto, mbali na shafti ya usukani wa kulia. 1JZ inatoa moshi upande wa kulia, pale pale shafti inapopita na karibu na masta silinda ya breki. Lazima utengeneze manifoldi maalumu na ngao ya joto, na upime nafasi ya karteri (bakuli la oili chini ya injini) juu ya mhimili wa mbele kabla hujakata kitu. Injini mpya ina namba yake. Ipeleke TRA ibadilishwe kwenye kadi kabla gari halijarudi barabarani, pamoja na rangi kama uliibadilisha.