Siku mbili Lushoto na mzee wangu: jibu kwa aliyeuliza ampeleke wapi baba yake

Mkuu mleta mada, umesema una siku mbili tu mwisho wa mwezi, uko Dar na mke, watoto wawili na baba yako, ambaye tangu afiwe na mama mwaka jana amekuwa mtu wa kukaa barazani tu. Unataka kumtoa na hujui umpeleke wapi. Wengi wamekutajia hoteli za ufukweni na mbuga, na sina ubaya na majibu yao. Ila mimi nimepita hapohapo ulipo, miaka michache iliyopita, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu.

Sisi tulikwenda Lushoto. Sababu ni kwamba baba yangu aliendesha lori la mboga kati ya Lushoto na Kariakoo kwa miaka mingi. Alianza akiwa utingo, baadaye akakabidhiwa usukani. Nimekua nikisikia Soni, Mombo, Segera vikitajwa nyumbani kama majina ya shangazi, na sikuwahi kufika. Mama alipofariki mzee alinyamaza. Unamsalimia anaitika, unampa chakula anakula, basi. Siku moja nikajiuliza ni wapi ambapo huyu mtu anapajua kuliko mimi, kuliko mke wangu, kuliko yeyote tutakayekuwa naye ndani ya gari. Jibu lilikuja lenyewe.

Hilo ndilo nakuomba ulishike kabla hujaanza kuulizia bei za vyumba: mpeleke mahali ambapo yeye ndiye mwenyeji. Mzee wa namna hiyo ukimweka hotelini ufukweni atakaa kwenye kiti, atakula samaki, atasema pazuri, Mungu akubariki mwanangu. Lakini siku zote mbili atakuwa mgeni wako. Fikiria alikosoma, alikofanya kazi, alikooa, alikopangiwa kituo cha kwanza. Sijui baba yako alikuwa nani kazini, anzia hapo.

Tuliondoka Ijumaa alfajiri, gari ni Noah ya shemeji. Kama utaendesha mwenyewe, pita Bagamoyo utokee Msata, utakwepa foleni ya Kibaha hadi Chalinze. Ukishavuka daraja jipya la Wami unakuwa umeanza safari sasa. Mzee alikaa mbele. Mpaka Wami hakusema kitu. Tulipolikaribia lile daraja akageuza shingo kutafuta la zamani, lile jembamba lililokuwa likipitisha gari moja moja, akasema, "Hapa tulikuwa tunaomba dua." Mke wangu akanigusa bega kutoka nyuma. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu baada ya muda mrefu.

Segera, Korogwe, kisha Mombo. Pale Mombo kuna joto, watu wengi, mahindi ya kuchoma, na mlima umesimama mbele yako kama ukuta. Unaiacha barabara kuu ya Arusha unakamata kulia. Kutoka hapo hadi Lushoto mjini ni kilomita 33 hivi, lami nyembamba yenye kona zisizohesabika, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Unatoka kwenye mkonge na vumbi unaingia kwenye migomba, kisha unafungua dirisha na hewa imebadilika. Lushoto ipo takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Wajerumani waliposhindwa na joto la pwani walijijengea mji huku juu na kuuita Wilhelmstal, na reli yao iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Ya kona niliyasikia kwa mzee.

Kila kona alikuwa na neno. Hii ukikutana na basi, wewe wa kupanda ndiye unapewa njia. Hii ina mteremko wa kudanganya. Hapa fulani alianguka, Mungu amrehemu. Katikati ya njia, kabla ya Soni, akasema, "Simama mwanangu. Simama vizuri pembeni." Nikadhani anaumwa.

Akashuka na fimbo yake, akaanza kutembea taratibu kando ya ukingo akipekua majani kwa ncha ya fimbo. Watoto wakamfuata. Akafika kwenye jiwe kubwa lenye kuvu, akainama, akasogeza majani, na kweli, chini yake palikuwa na kijito chembamba kama mkono wa mtoto, maji yanatoka mlimani yanaingia mtaroni. Akatueleza kwamba hapo waliwahi kulala usiku mara mbili na shehena ya kabichi, breki zimeshika moto, wakawa wanachota maji kwa kopo la mafuta kupooza magurudumu. Mama mmoja wa kule juu aliwateremshia kande kwenye sufuria, siku zote mbili, na hakutaka hata senti. Mzee akavua kofia, akanawa uso kwa yale maji. Watoto nao wakanawa. Kisha akabaki amesimama na kiganja kimeegemea lile jiwe, na hakuna aliyemharakisha.

Tulikaa pale labda nusu saa. Ungeniuliza leo kivutio cha safari ile ningekuonyesha hilo jiwe. Halina kibao wala kiingilio.

Sasa la malazi, maana najua utauliza. Nilikuwa nimetuma malipo ya awali kwa simu kwenye nyumba moja ya wageni. Tumefika saa tisa alasiri tunaambiwa vyumba vimejaa, pesa mtarudishiwa. Mzee magoti yanamsumbua, watoto wamechoka, na baridi inaanza kushuka. Tulienda kula kwa mama ntilie karibu na soko tukamsimulia, akamtuma kijana atupeleke kwa watu anaowajua, nyumba safi, bustani mbele, vyumba viwili vya chini. Kwa hiyo piga simu siku unayotoka, tena ukiwa Segera piga nyingine. Uliza kama chumba kipo chini, kama choo kipo ndani, kama maji ya moto yapo kweli. Kwa mzee hayo matatu yanazidi uzuri wa mandhari.

Na baridi, mkuu. Tulikwenda Juni wakati wa likizo ya shule. Watu wa Dar tunachukulia sweta kama pambo. Usiku wa kwanza wanangu walilala wamevingirishwa kanga tatu tatu juu ya blanketi. Beba soksi, beba kofia ya mzee, beba chupa ya chai.

Jioni ile ndipo mzee alipowasimulia wajukuu habari za Mbegha. Sisi ni Wazigua wa Handeni, na Mbegha alitoka Ungulu, majirani na ndugu zetu, kwa hiyo mzee huisimulia kama habari ya mtu wa ukoo. Alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota, na zamani mtoto wa hivyo alihesabiwa kisirani. Ndugu wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake na mikuki, akawa mwinda nguruwe, akapanda milima hii ya Usambara. Popote alipofika aliwagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Mpaka usiku mmoja akaua simba, watu wakamwita Simba Mwene, wakamfanya mfalme wao huko Vugha. Ni katika uzao wake alikotoka Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkubwa aliyefariki mwaka 1862.

Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka sita, meno ya mbele yametoka. Akapapasa pengo lake kwa kidole, akauliza kwa sauti ya hofu kama na yeye atafukuzwa. Mzee akamvuta, akamweka mapajani, akamwambia wewe hafukuzwi mtu hapa, na kama ukifukuzwa nakuja na wewe. Nilitoka nje kidogo. Mama ndiye aliyekuwa akisimulia hadithi nyumbani kwetu. Mzee alikuwa akirudi usiku tumelala. Nilikuwa na miaka karibu arobaini na sikujua kama baba yangu anajua kusimulia.

Jumamosi tulikwenda Irente. Ni kilomita chache kutoka mjini. Wenye miguu wanatembea saa moja na ushee kupitia vijijini, sisi tulikwenda na gari kwa ajili ya mzee. Njia ni ya vumbi na mashimo lakini gari linafika karibu. Nenda asubuhi ukungu ukishapanda. Unafika kwenye mwamba, na mbele yako ardhi imekatika. Chini kabisa ni Mazinde, mashamba ya mkonge yamepangwa kama mistari ya daftari, reli, barabara kuu yenye malori madogo kama siafu, kisha nyika inakwenda mpaka macho yanachoka. Pale ukingoni washike watoto mikono, tena washike kweli.

Mzee alikaa kwenye mwamba akaanza kuwaonyesha wajukuu kwa fimbo: ile njia ndiyo babu alikuwa anapita, kule kushoto mbali ndiko Handeni kwetu, ukifuata hivi unafika Dar mlikozaliwa. Binti yangu akauliza ilikuwa inachukua muda gani. Mzee akajibu, "Inategemea bibi yako kapika nini." Akacheka. Tukacheka wote, na mke wangu akalia.

Chakula cha mchana tulikula kwenye shamba la kanisa palepale Irente, mkate wao, jibini, jamu, juisi, mnakaa chini ya miti. Wana bustani ambapo watoto wanaweza kukimbia bila wewe kuhangaika. Mzee jibini haikumwingia, lakini mkate aliusifu. Usipange kitu kingine siku hiyo. Tulikuwa na mpango wa kwenda msitu wa Magamba mchana huohuo kuona mbega, tukauacha, na sijajutia. Mzee alilala kwenye majani kofia usoni, watoto wakatafuta kinyonga kwenye vichaka hadi wakampata mmoja mwenye vipembe puani, wakamtazama anavyozungusha jicho moja huku na jingine kule. Siku mbili hazitoshi kuona vitu vingi. Zinatosha kukaa.

Jumapili asubuhi tukapita sokoni, na hapo mzee ndiye akawa kiongozi wa msafara. Anabonyeza kabichi kwa gumba, anavunja karoti moja anaitafuna, anakataa hoho nzuri kwa macho kwa sababu kikonyo chake kimeshanyauka. Wauza mboga wawili wa makamo walimtambua, si kwa jina bali kwa lori, na wakasimama kuulizana nani yupo na nani katangulia. Hapo mimi na mkoba wangu tulisubiri zaidi ya saa nzima. Acha muda wa jambo kama hilo. Ukienda Desemba hadi Februari utakuta na plamu na peasi barabarani. Juni tulibeba parachichi na pasheni.

Wakati wa kushuka mzee alinipa somo ninalokupa na wewe bure, maana wengi wa Dar wanakanyaga breki kutoka Soni hadi Mombo na kufika chini gari linanuka. Dereva wa zamani anasema gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Kwa gari la otomatiki weka 2 au L, acha injini ishike gari, breki uigonge kidogo kidogo kabla ya kona. Alikuwa ameweka mkono wake juu ya goti langu, kila kona anabonyeza kidogo kuniambia sasa, na mimi nafuata.

Kama hamna gari, mabasi ya Lushoto yanaondokea stendi ya Magufuli pale Mbezi, mtumie siku nzima njiani na msipange kitu jioni. Na kama mzee hana nguvu za safari ndefu, SGR inawafikisha Morogoro chini ya saa mbili, ni laini kwa mgongo na milima ya Uluguru ipo machoni. Bagamoyo na magofu ya Kaole ni ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Yote mazuri. Lakini kwanza kaa naye barazani leo jioni, umuulize zamani alikuwa akipita wapi. Usimwambie kwa nini unauliza.

Wa kwangu mwaka huu anataka Pangani. Anasema kuna mtu pale kwenye kivuko alimkopesha tairi na hajawahi kumwona tena. Jana amenipigia kuuliza kama gari la shemeji limeshabadilishwa oili.