Kuhusu kuingia handaki la zamani la reli la Donner

Ndugu yangu, umeuliza kama, utakapokwenda kumtembelea kaka yako California, ni salama kuingia peke yako katika handaki la reli lililoachwa kule mlimani Donner. Peke yako, hapana. Nimefanya kazi miaka mingi chini ya ardhi katika migodi ya hapa Lubumbashi, na nilipolitembelea handaki hilo mwezi wa Aprili nilikuta maji yanayodondoka kutoka juu yameganda chini, barafu ambayo huioni mpaka mguu umekwisha kuteleza. Vaa kofia ngumu na viatu visivyoteleza, uchukue tochi 2, na kwa kuwa mahali pale ni mali ya kampuni ya reli, omba ruhusa kwanza.

Ukiruhusiwa, usipite haraka. Handaki kuu, lile la namba 6, lina urefu wa mita 506 hivi, na wafanyakazi, wengi wao Wachina, walilichimba katika graniti, mwamba mgumu sana, kutoka nyuso 4 kwa wakati mmoja: ncha mbili za nje, na pande mbili kutoka katikati, kwani walishusha shimo la wima katikati ya mlima, hadi walipokutana mwaka 1867. Baruti ya kawaida ilipokwenda polepole mno, walitumia nitrogliserini, kilipuzi cha majimaji chenye nguvu kuliko baruti, iliyochanganywa palepale. Mulika ukutani: utaona nusu za matundu yaliyotobolewa kwa nyundo na mkono. Mimi niliyezoea mashine ya kutoboa mwamba inayoendeshwa kwa upepo niliweka kidole katika tundu moja, nikasimama pale kwa muda mrefu. Treni ziliacha kupita humo mwaka 1993.