Re: Nagonga ngoma, sauti inatoka kwenye laptopu kwa waifai lakini inachelewa. Nihamie Bluetooth?

Mkuu, nimekusoma. Una ESP32 (ile bodi ndogo yenye waifai) iliyofungwa piezo, kihisio cha mtetemo, ndani ya ngoma, ujumbe unakwenda kwa waifai hadi Pure Data, programu ya kutengeneza sauti, kwenye laptopu, ukigonga sauti inakuja ikiwa imechelewa, na sasa umekata tamaa na waifai. Subiri kidogo. Njia hiyo nimeipita na ngoma yangu mwenyewe, na makosa mengi nimeshakufanyia.

Nianze na swali: hiyo sauti unaisikilizia wapi? Mimi nilikesha siku mbili nikibadilisha programu ya bodi, kumbe laptopu ilikuwa imeungwa na spika ya Bluetooth. Spika za hivyo zinakusanya sauti kwanza ndipo zinaitoa. Ukisikiliza muziki tu hutagundua kitu, ila kwa mpiga ngoma ni msiba. Nilipochomeka spika ya waya, sehemu kubwa ya tatizo ikaisha palepale na bodi sijaigusa. Kisha angalia bafa ya sauti kwenye kompyuta, yaani kiasi cha sauti kinachokusanywa kabla ya kutolewa: sampuli (vipande vidogo vya sauti) 1024, kwa kasi ya 44100 kwa sekunde, ni kama milisekunde 23, sampuli 256 ni kama 6. Shusha mpaka sauti ianze kukwaruza, halafu panda ngazi moja.

Sasa tuje kwenye bodi. Waifai ya ESP32 husinzia ili kuokoa betri. Weka WiFi.setSleep(false) baada ya kuunganisha. Betri italiwa zaidi, hilo ukubali. Utaiona tofauti hasa kama laptopu nayo inairudishia bodi ujumbe, mfano kuwasha taa kila unapogonga. Na kama unatuma kwa TCP, njia inayohakikisha kila pakiti imefika, acha leo hii. Pakiti moja ya TCP ikipotea, zote zilizo nyuma yake zinasubiri mpaka hiyo irudiwe. Tumia UDP, isiyorudia kutuma: iliyopotea imepotea, ngoma inaendelea.

Ndani ya UDP mimi natuma OSC, mfumo wa ujumbe wa muziki ulioanzishwa na Matt Wright na Adrian Freed kule CNMAT, kituo cha muziki na teknolojia cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1997. MIDI, lugha ya vyombo vya muziki vya kidijitali ya 1983, inakupa nguvu ya pigo kuanzia 0 hadi 127. OSC inabeba namba kamili au ya desimali, na anwani, ile lebo ya mwanzo wa ujumbe, unajipangia jina. Maktaba za Arduino zipo, lakini mimi kwa ubishi niliandika baiti mwenyewe, na hapa ndipo nilipoumia. Kila sehemu ya ujumbe lazima ijazwe sifuri mpaka urefu wake ugawanyike kwa 4, na anwani lazima imalizikie na sifuri angalau moja. "/ngoma" ni herufi 6, unaongeza sifuri 2, zinakuwa baiti 8. Halafu ",i" (yaani inayofuata ni namba kamili) na sifuri 2, baiti 4. Halafu namba yenyewe, baiti 4, ile yenye thamani kubwa ikitangulia. Jumla 16, ikafanya kazi vizuri. Nilipoongeza ngoma ya pili nikabadilisha anwani iwe "/ngoma/1". Nikahesabu herufi 8, nikasema nane inagawanyika kwa nne, sihitaji kitu. Pure Data ikanyamaza. Ile sifuri ya mwisho haikuwepo! Herufi 8 zinataka sifuri 4, ziwe 12.

Upande wa Pure Data ni mfupi: [netreceive -u -b 9000], kisha [oscparse], [list trim], [route ngoma]. Kama hakuna kinachoingia, angalia faiawoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao) ya laptopu kabla hujailaumu bodi.

Jambo lingine: usitume usomaji wa piezo kila mzunguko wa programu. Soma kwa kasi, ukivuka kizingiti tafuta kilele ndani ya milisekunde 2 au 3, tuma ujumbe mmoja wenye nguvu ya pigo, kisha ipuuze piezo kwa kama milisekunde 40, maana ngozi inaendelea kutetemeka na pigo moja litahesabiwa matatu. Na sauti iache ife yenyewe. Ukitegemea ujumbe wa "zima" na ukapotea njiani, utabaki na mlio usiokoma mbele za watu.

Ruta tumia yako, hata ile ya zamani isiyo na intaneti, na laptopu iunge kwa waya ili safari ya hewani iwe moja tu. ESP32 ya kawaida inajua 2.4 GHz peke yake, na ukumbi ukijaa simu masafa hayo yanajaa pia. Miili ya watu nayo inayameza, kwa hiyo ruta iinue juu ya vichwa. Mazoezini kwangu kila kitu kilikuwa safi. Watu walipoingia ndipo mapigo yakaanza kuruka.

Kuhusu Bluetooth: MIDI ya BLE (Bluetooth inayotumia umeme kidogo) si mbaya. Kwenye ESP32 ya kawaida kipindi chake kifupi kabisa cha mawasiliano ni milisekunde 7.5, ila kompyuta ndiyo yenye kauli ya mwisho na inaweza kukupa kirefu zaidi. Kwa kinanda kimoja sawa. Kwa ngoma tatu nne nabaki na UDP. Ukitaka kuachana na ruta kabisa, jaribu ESP-NOW, njia ya bodi za ESP32 kuongea zenyewe kwa zenyewe: bodi ya pili unaichomeka USB ya laptopu ipokee kutoka kwa za ngoma.

Halafu mkuu, hukusema piezo umeifunga pini gani. Kama ni 25, 26 au 27, hizo ni za ADC2, kifaa cha pili cha kusoma volti ndani ya bodi, na kwenye ESP32 ya awali hazisomeki vizuri waifai ikiwa imewaka. Hamishia 34, weka rezista ya megaohmu 1 sambamba na piezo na diodi ya zena ya kuzuia volti zisipite 3.3, kisha urudi hapa na kile kipande cha programu kinachosoma pigo tukiangalie.